Jina la amri lifuate kazi yake, si aliyeileta

Sisi wa Mangina tunajua vizuri shida ya kitu kimoja kubeba majina mawili. Tarehe 1 Agosti 2018, Wizara ya Afya ilipotangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, redio zote zilisema Mangina. Lakini kwenye jedwali za wagonjwa, zilizopangwa kwa maeneo ya afya, jina letu halikuwamo. Paliandikwa Mabalako, kwa sababu hilo ndilo eneo la afya ambamo Mangina imo. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza mafuta ya mawese, aliniomba nimsomee moja ya jedwali hizo kwenye simu. Nilipomaliza akauliza: “Sasa sisi hatumo?” Nikamjibu: “Mama, tumo. Mabalako ndiyo sisi.” Hakuridhika.

Leo sitaki kuandika juu ya Ebola. Nataka kuandika juu ya majina, na hasa yale ambayo watu wengi hawayaoni kabisa: majina ya amri za chini ndani ya programu ya kupanga kurasa za vitabu. Najua msomaji atasema: huku watu wanakimbia vita, kakao inaibiwa mashambani, na wewe unatuletea mambo ya kompyuta? Univumilie kidogo. Buleteni ya mtoto wako, memwari ya kaka yako aliyemaliza chuo kikuu Butembo, orodha ya wakimbizi wanaongoja msaada, vyote vinapita ndani ya mashini. Na ndani ya mashini kila kitu kinaitwa kwa jina. Jina likiwa bovu, si mashini inayolipa. Ni mtoto wako.

Buleteni zilizoharibika

Nianze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita, vijana watatu, mimi nikiwa mmoja wao, tulipewa kazi na shule moja ya hapa: kutoa buleteni za mwisho wa mwaka. Tulichagua programu ya TeX. Ni ya bure, haidai intaneti, inakubali kukaa kwenye kompyuta ya zamani, na faili zake ni nyepesi hata unaweza kuzibeba zote kwenye flashi moja. Tukagawana kazi. Kila mtu akaandika amri zake nyumbani, wakati umeme ulipopatikana.

Mimi niliandika amri \alama, nikimaanisha pointi za mwanafunzi. Mwenzangu naye aliandika \alama, lakini yeye alimaanisha sahihi ya mwalimu chini ya karatasi, kwa kuwa kwake alama ni kile mtu anachotia kuonyesha kwamba amekubali. Wa tatu aliandika \jina kwa ajili ya mwanafunzi, nami tayari nilikuwa na \jina ya mwalimu wa darasa. Tulipounganisha faili, TeX haikulalamika hata kidogo. Ukitumia \def kuunda amri ambayo tayari ipo, TeX inafuta ya kwanza kimyakimya na kuendelea na ya mwisho. Ndivyo ilivyofanya.

Tulichapisha usiku, kwa haraka, kabla jenereta haijaishiwa mafuta. Asubuhi tukaona darasa zima limepewa jina la mwalimu wao. Pale penye jumla ya pointi palikuwa na mstari mtupu wa kutia sahihi. Karatasi zilikuwa zimekwisha na pesa zilikuwa zimekwisha. Prefe akakubali kusahihisha kwa kalamu, akaweka muhuri wa shule. Kwa wengi haikuleta shida. Lakini msichana mmoja, ambaye wazazi wake walikuwa wanahamia kwingine, alikataliwa kwenye shule mpya. Buleteni yenye kufutwafutwa huku kwetu inaitwa ya bandia, muhuri au hakuna muhuri. Alingoja majuma matatu nyumbani mpaka tukamtolea nyingine.

Programu haikukosea. Ilifanya vile tulivyoiambia. Kosa lilikuwa kwenye majina, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kusumbua wenzangu juu ya majina.

Amri za juu na amri za chini

Kwa wasioifahamu, TeX ilitengenezwa na Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake cha sayansi ya kompyuta, akaziona mbaya hata akaamua kutengeneza mwenyewe programu ya kupanga herufi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1978, akaliandika upya mwaka 1982. Baadaye Leslie Lamport alijenga juu yake LaTeX, ambayo wanafunzi na watafiti wa dunia nzima wanaitumia kuandika memwari, vitabu na makala.

Ndani ya TeX kuna tabaka mbili. Juu kuna amri ambazo mwandishi anazigusa: anza sura, andika kichwa, weka picha. Chini kuna amri za msingi, karibu 300 katika TeX ya Knuth, ambazo hazikuundwa kwa amri nyingine yoyote. Zimo ndani ya programu yenyewe. Ni kama jikoni: sombe ni chakula, lakini chini ya sombe kuna moto, maji na chumvi. Sombe unaweza kuipika kwa namna ishirini. Moto ni moto.

Knuth alizipa nyingi za amri hizo majina ya mpango. Zinazohusu upana zinaanza na h, zinazohusu wima zinaanza na v. Kuna \hbox na \vbox, yaani sanduku la kulala na sanduku la kusimama. Kuna \hskip na \vskip, kuruka nafasi kwa upana na kuruka nafasi kwa wima. Kuna \hsize na \vsize. Ukijua moja, nyingine unaibuni bila kufungua kitabu.

Sisi tuliozaliwa katika familia za Wanande hatuna haja ya kufundishwa faida ya jambo hilo. Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule: ukisikia jina la kijana unajua alizaliwa wa ngapi kati ya ndugu zake wa kiume. Hakuna aliyekueleza, jina lenyewe limekueleza. Huo ni utaratibu wa majina, na mababu walikuwa nao kabla kompyuta haijaota.

Lakini utaratibu huo una mpaka wake, na kila mwalimu wa Beni na Butembo anaujua. Ingia darasani, ita “Kambale!” Watasimama watoto saba. Kwa hiyo tunaongeza jina la pili, na wakati mwingine la tatu. Jina la kwanza linasema nafasi, la pili linasema huyu ni wa nani. Amri za kompyuta nazo zinahitaji vyote viwili.

Bomba la wafadhili

Shida ya TeX ilianza pale watu wengine walipoiongezea nguvu. Ilikuja e-TeX. Ikaja pdfTeX ya Hàn Thế Thành, mtu wa Vietnam aliyeitengeneza alipokuwa masomoni katika Jamhuri ya Cheki. Ikaja XeTeX ya Jonathan Kew, kisha LuaTeX. Kila moja ilileta amri mpya za msingi, na kila moja ilizipa majina yake.

Mfano ni pdfTeX. Kazi yake kubwa ilikuwa kutoa faili za PDF moja kwa moja, basi karibu kila amri mpya ikawekewa pdf mbele. \pdfpagewidth ni upana wa ukurasa, hiyo inaeleweka. Lakini \pdfstrcmp inalinganisha mafungu mawili ya herufi kuona kama ni sawa. \pdffilesize inasema ukubwa wa faili yoyote. \pdfuniformdeviate inachagua namba kwa bahati nasibu. Hizo tatu hazina uhusiano wowote na PDF. Zimeitwa hivyo kwa sababu tu ya nyumba zilimozaliwa.

XeTeX ilipochukua amri ya kulinganisha herufi, iliiita \strcmp, bila pdf. Kwa upana wa ukurasa ikaacha \pdfpagewidth. LuaTeX ikafanya kinyume: upana wa ukurasa ikauita \pagewidth, na amri ya kulinganisha herufi haikuichukua kabisa, inabidi uiunde kwa lugha ya Lua iliyo ndani yake. Fikiria basi kijana anayeandika faili moja itakayofanya kazi kwa wote. Karatasi ni ileile, upana ni uleule, lakini lazima aulize kwanza yuko nyumbani kwa nani ndipo ajue aseme neno gani.

Sisi tunayajua hayo kwa njia ya maji. Katika mitaa yetu bomba la maji linaitwa kwa jina la shirika lililolichimba. Shirika linaondoka, magari yake meupe yanaondoka, na bomba linabaki na jina lake. Baada ya miaka kumi mtoto anatumwa kuchota maji kwenye bomba la shirika ambalo hajawahi kuliona. Na shirika lingine likija kutengeneza bomba hilohilo, linapata jina la pili. Mgeni akiuliza njia, mmoja anamwambia jina la zamani, mwingine jipya, naye anafikiri ni mabomba mawili. Kama tangu mwanzo tungeliita bomba la sokoni, au bomba la karibu na kanisa, nani angepotea?

Kulikuwa na shida nyingine, kubwa kuliko hiyo. LaTeX ilihitaji neno \end kwa kazi yake ya juu, yaani kufunga sehemu ya maandishi. Lakini \end ilikuwa tayari ni amri ya msingi ya TeX, yenye kazi ya kumaliza kabisa. LaTeX ikalichukua jina, na amri ya msingi ikahamishiwa kwenye jina la kificho, \@@end. Vivyo hivyo \input ikawa na \@@input pembeni. Watengenezaji wengine wa vifurushi nao wakaanza kuficha amri za msingi kwa majina yao, kila mtu kwa desturi yake. Nyumba ikajaa funguo zisizo na alama.

Walichofanya watu wa LaTeX

Kikundi kinachotunza LaTeX, ambamo Frank Mittelbach amefanya kazi tangu miaka ya 1980, kiliamua kuweka utaratibu. Katika lugha yao ya ndani inayoitwa expl3, kila amri ya msingi ilipewa jina jipya la mpango mmoja: mbele tex, kisha mstari wa chini, kisha kazi ya amri, na mwisho nukta mbili na herufi D. Hivyo \par, inayofunga aya, ikawa \tex_par:D. \end ya asili ikawa \tex_end:D, na hakuna tena wa kuiibia jina.

Herufi D ya mwisho ni onyo. Inamwambia mwandishi wa kawaida asiguse. Ni kama ile picha ya fuvu kwenye kabati la umeme. Fundi anajua kwa nini anafungua. Wewe mpita njia, pita.

Mwanzoni hata wao waliingia mtego wa bomba. Mbele ya jina waliweka nyumba ya asili ya amri: \etex_ kwa zilizotoka e-TeX, \pdftex_ kwa zilizotoka pdfTeX, \xetex_ na \luatex_ vilevile. Ikatokea kwamba unafanya kazi ndani ya XeTeX, lakini unaita \pdftex_strcmp:D. Mtu asiyejua historia angefikiri amekosea programu. Baadaye wakabadilisha: zote zikawa \tex_, bila kuuliza zilitoka wapi. \pdftex_strcmp:D ikawa \tex_strcmp:D. Upana wa ukurasa, uitwe vyovyote na nyumba yoyote, ukawa \tex_pagewidth:D.

Mimi nasema walifanya vizuri, na nasema sisi tunaoandika programu ndogondogo Mangina, Beni na Butembo tufuate njia hiyohiyo. Jina la kitu cha chini lifuate kazi yake, wala lisifuate aliyekileta. Aliyekileta anaweza kuondoka, anaweza kubadilika, anaweza kumwachia mwingine. Kazi inabaki.

Wanaopinga

Si wote wanakubali, na hoja zao si za kudharau.

Wa kwanza wanasema majina haya ni marefu na yanachosha. \par ni herufi tatu, \tex_par:D ni mzigo. Ni kweli. Lakini amri za chini zinaandikwa na watu wachache, mara chache, na zinasomwa mara nyingi na mtu anayetafuta kosa usiku wa manane. Anayeandika anapoteza sekunde mbili. Anayesoma jina fupi lenye maana tatu anapoteza siku. Sisi tulipoteza majuma matatu, na hayakuwa yetu. Yalikuwa ya msichana wa watu.

Wa pili wanasema: tumezoea majina ya zamani, kwa nini kutusumbua? Hawa wanastahili heshima, kwa sababu kubadilisha jina kuna gharama. Waulize wazee waliosoma barua za Costermansville ambayo leo ni Bukavu, au Stanleyville ambayo ni Kisangani. Lakini katika jambo hili hakuna aliyenyang'anywa kitu. Ndani ya LaTeX \par bado ipo, \hbox bado ipo. Faili ya mwaka 1995 haivunjiki kwa sababu ya majina haya. Yaliwekwa pembeni mwa yale ya zamani, kwa ajili ya wanaojenga ndani.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito. Wanasema: zamani nikiona \pdftex_ nilijua amri hii imetoka pdfTeX, huenda isiwepo kwingine. Leo zote ni \tex_, na jina halinionyi tena. Hapo sina budi kukubali, kitu fulani kimepotea. Lakini naona jina si mahali pa kuweka historia yote ya kitu. Historia ina mahali pake, nayo ni kitabu cha maelezo. Na kama unataka kujua amri ipo au haipo katika programu unayotumia, uliza programu yenyewe. Expl3 ina \cs_if_exist:NTF kwa kazi hiyo. Hilo ni jibu la hakika kuliko kukisia kwa jina. Maana pdfstrcmp ilipohamia XeTeX, jina la zamani halikuwa tena onyo. Lilikuwa uongo.

Tazama tena Ebola. Mwaka 1976, ugonjwa ulipoonekana Yambuku, watafiti walichagua jina la mto Ebola, ili kijiji cha watu kisibebe aibu ya ugonjwa milele. Hapo walifanya busara. Lakini aina ya virusi hivyo ikaitwa Zaire, kwa jina la inchi ya wakati ule. Mwaka 1997 inchi ikarudi kuitwa Congo, na virusi vikabaki Zaire. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mwaka 2018, hapa Mangina, watu walichanjwa kwa chanjo ya rVSV-ZEBOV, na ile Z ni Zaire, inchi ambayo nusu ya waliopanga mstari hawakuizaliwa ndani yake. Hata mwaka 2023, wataalamu wa majina ya virusi walipopanga upya, waliandika Orthoebolavirus zairense. Zaire imo bado.

Sisemi walikosea kuliacha. Vitabu na maabara za dunia nzima zinalijua jina hilo, na kulifuta kungeleta mchafuko mkubwa zaidi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Jina la chini likishashika mizizi, kuling'oa ni kazi. Basi tulichague vizuri siku ya kwanza, wakati bado liko mikononi mwetu.

Kiswahili kipi?

Kuna ndugu wanaoniuliza: mbona usitafsiri yote kwa Kiswahili? \tex_par:D iwe na jina la Kiswahili, na \hbox liwe sanduku? Nakubali nusu.

Tabaka la juu, lile ambalo mwalimu na katibu wa parokia wanaligusa, liwe la Kiswahili. Hilo linawezekana. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Lakini tukubaliane kwanza ni Kiswahili kipi. Mtu wa Dar es Salaam anasema kompyuta, sisi wengi tunasema ordinatera au mashini tu. Yeye anasema mwanafunzi amepata alama, sisi tunasema amepata pointi. Mmeona neno alama lilivyotufanya. Tabaka la juu ni la watu, lizungumze kama watu wa mahali.

Tabaka la chini tuliache kama lilivyo dunia nzima. Kijana wa Mangina akikwama kwenye \tex_pagewidth:D, aweze kutafuta neno hilohilo na kupata jibu lililoandikwa na mtu wa Hanoi au Nairobi. Tukimpa jina letu la peke yetu, tunamfungia kwenye chumba ambacho hakuna mwingine ndani. Mabalako na Mangina ni vivyo hivyo. Mabalako lilikuwa jina sahihi kwa wapanga jedwali, na Mangina lilikuwa jina sahihi kwa mama yule wa mawese. Kilichokosekana ni mtu wa kuandika mstari mmoja unaosema la juu ni hili, la chini ni hili, ni mahali pamoja.

Tulivyofanya safari ya pili

Mwaka uliofuata shule ile ilitupa nafasi tena, na huo ni wema ambao hatukustahili. Kabla ya kuwasha kompyuta tulikaa chini ya mti na daftari. Tuliandika kila kitu ambacho buleteni inakitaja, na mbele ya kila kitu jina moja tu. Pointi ni pointi. Neno alama tulilifukuza kabisa. Kila amri yetu inaanza na bul, ili isigongane na ya mtu mwingine, kama jina la pili la Kambale. \bul_jina_mwanafunzi: haiwezi kuchanganywa na \bul_jina_mwalimu:. \bul_pointi_jumla: na \bul_sahihi_mwalimu: kila moja iko kwake.

Amri ambazo ni za ndani, zisizofaa kuguswa na anayejaza pointi, tuliziwekea mistari miwili ya chini mbele, kama wafanyavyo watu wa expl3: \__bul_. Tena tuliacha kutumia \def ovyo. Tunatumia njia za kuunda amri ambazo zinapiga kelele jina likiwa limeshachukuliwa. Na tuliapa kwamba hakuna anayebadilisha jina bila kuandika kwenye daftari na kuwaambia wengine wawili.

Mambo mengine madogo nayo yanafaa kujulikana na anayeanza. Kwa kawaida jina la amri katika TeX linakubali herufi tu, halikubali namba; \pointi1 haitakuwa amri moja, itasomwa kama \pointi ikifuatwa na 1. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti. \Jina na \jina ni amri mbili. Na mstari wa chini na nukta mbili havikubaliwi ndani ya majina mpaka uwashe sarufi ya expl3 kwa \ExplSyntaxOn. Tangu Februari 2020 expl3 imo ndani ya LaTeX yenyewe, hakuna cha kupakua zaidi.

Buleteni za mwaka ule zilitoka safi. Hakuna aliyetusifu, na ndivyo ilivyo kwa kazi ya majina. Yakiwa mazuri hakuna anayeyaona.

Ombi langu

Ugonjwa ule uliotangazwa hapa kwetu ulimalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020. Ulikuwa umeshika watu 3,470 na kuua 2,287. Wakati ule wote wafuatiliaji walizunguka na orodha za watu waliogusana na wagonjwa, na kila mtu alipaswa kuonekana kwa siku 21. Katika inchi ya kina Kambale na kina Masika, orodha kama hiyo ni majina tu. Jina likiandikwa namna mbili, mtu mmoja anakuwa wawili, na mmoja wao hapatikani kamwe. Aliyebeba orodha alijua uzito wa jina kuliko mtengenezaji yeyote wa programu.

Kwa hiyo nawaomba vijana wanaosoma kompyuta Butembo na Beni, na ninyi wenye sekretaria ndogo za kuchapa kando ya barabara: msianze na mashini. Anzeni na daftari. Kitu kimoja, jina moja. Jina liseme kazi. Mbele yake liwe na neno la kuonyesha ni la nani, na la ndani liwe na alama ya kuonya. Kisha msilibadilishe bila kuagana.

Na ninyi wazazi na walimu, kijana akija kuwaambia kwamba amepoteza siku nzima akichagua majina tu na hajaandika mstari hata mmoja wa programu, msimcheke. Mpeni chai. Huenda siku hiyo moja ndiyo itakayomwokoa mtoto wenu na majuma matatu ya kukaa nyumbani.